Maneti ipite mkononi mwa kila mtu

Wamama wapenzi, juma lililopita tuliahidi kwamba tutazungumza hapa juu ya likelemba na wale wanaochelewa kulipa. Mtuwie radhi, likelemba itangoja. Kuna jambo limetokea katika lupango la mwenzetu mmoja, na maneno yamekwisha kufika bombani kabla yetu.

Wengi wenu mnaujua mchezo ambao watoto wetu wakubwa wanaucheza tangu likizo. Si mpira wa PlayStation. Ni hadisi. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mmoja anachukua mtu wake ndani ya hadisi: mwindaji, mvuvi, mganga, binti ya mfalme. Msimulizi anasema, “Mmefika mtoni, hakuna mtumbwi, mtafanya nini?” Wanashauriana, wanatupa dadu, na dadu ndiyo inasema kama shauri limefaulu. Mchezo wa namna hiyo ulichapishwa Marekani mwaka 1974, unaitwa Dungeons & Dragons, na watu waliucheza mezani kwa karatasi na kalamu. Siku hizi ramani ya hadisi inawekwa ndani ya ordinatere, na ordinatere inafungwa kwa kamba kwenye televizio, ili wote waone.

Taabu ilikuwa kipanya. Watu watano, kipanya kimoja, kamba fupi, na meza yenyewe ndiyo tunayolia bukari. Mvulana mmoja akawaza kuchukua maneti ya PlayStation 4. Inaingia kwenye ordinatere kwa kamba ileile ya telefone za zamani. Akaweka programu isiyolipiwa inayoitwa AntiMicroX, ambayo inageuza vifungo vya maneti kuwa vifungo vya ordinatere: ule msalaba wa upande wa kushoto unakuwa mishale minne, na mishale inamsogeza mtu wako juu ya ramani. Ramani yenyewe wanaifungua kwa MapTool, nayo hailipiwi. Unakaa kitini mwako, mbali na televizio, unatembeza mwindaji wako.

Walijaribu maneti mbili kwa mara moja. Haikufaa: ordinatere inaona vifungo tu, haijui ni mkono wa nani, basi wote wawili wakamvuta mtu mmoja huku na huku kama mbuzi wa kuuzwa. Wakarudi kwa maneti moja, inayopita. Anayeishika ndiye anaamua. Wengine wanatoa shauri, lakini hawagusi. Tunakubali kwamba kanuni hiyo ilitufurahisha kuliko mchezo wenyewe. Tangu PlayStation iingie katika nyumba zetu, maneti ilikuwa ya wavulana, na wasichana walikuwa na sahani za kuosha. Siku ya posho moja tulimwona binti wa miaka kumi na moja akishika maneti dakika nzima bila kusema neno, na kaka zake wakubwa wamekaa wakimngoja. Umeme ukikatika televizio inazima, batri ya ordinatere inaendelea, basi wanasongamana mbele ya kioo kidogo na dadu zinaendelea kuruka.

Siku hiyo hadisi ilikuwa ya kwetu, ya Waluba. Mfalme Nkongolo amechimba shimo, amesimika mikuki ndani, amefunika kwa mikeka, na anamwita mpwa wake Kalala Ilunga aje kucheza ngoma juu yake. Mpiga ngoma anamwonya kwa mlio wa ngoma. Wazee wanaijua. Binti yule ndiye alikuwa Kalala. Aliuliza, “Ngoma inasema nini?” Msimulizi hakujibu, akapiga meza kwa vidole tu. Akamsogeza mtu wake hatua moja, akasimama, akasema anachoma mkeka kwa mkuki wake kwanza. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakabweka. (Kwa wanaosema michezo hii ni ya wazungu: Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, na mwenye kumbukumbu anapitisha kidole cha mkono wa kulia juu yake akisimulia habari za wafalme. Sisi tunaona ni jamaa wa karibu.)

Sasa jambo lenyewe. Mvulana wa miaka kumi na tatu alichagua mtu wake kutoka orodha ya Kifaransa, na ndani ya orodha ile kulikuwa na neno “sorcier”. Dadu ikamwangukia vizuri. Akaruka juu, akapaaza sauti, “Mimi ni mchawi, nimewaloga wote!” Ukuta wetu ni wa matofali, lakini sauti haina mlango. Usiku uleule mtoto mchanga wa jirani akashikwa na homa.

Siku ya yenga, kabla ya saa sita, mama wa mvulana aliambiwa na watu wawili kwamba mtoto wake apelekwe kuombewa, siku tatu bila kula. Alikuja kwetu jioni, leso kinywani. Mnajua namna mambo hayo yanavyoanza, na mnajua watoto wangapi wa mji huu wanalala sokoni kwa sababu ya neno moja.

Tulikwenda watatu. Hatukwenda kugombana, tulikwenda kwanza kumwona mtoto mgonjwa, kisha tukafuatana na mama yake mpaka kituo cha afya. Walimpima damu: malaria. Dawa ikaanza usiku ule. Kesho yake ndipo tulizungumza juu ya mchezo, na juu ya sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inayokataza kumsingizia mtoto uchawi na kumpa adhabu anayefanya hivyo. Mama jirani alisikiliza, hakusema mengi. Alitaka kuona. Tukamketisha mbele ya televizio, tukampa maneti, akamtembeza mvuvi mpaka akamtumbukiza majini, akacheka.

Neno lile sasa halitumiki. Mtu yule anaitwa “mjuzi wa nyota”, na msimulizi anasoma orodha kwanza, mbele ya mama mmoja. Kati yetu wamo wanaosema mchezo ukome kabisa, na wengine wanaojibu kwamba mchezo haukuleta homa. Siku ya mkutano sauti zilikuwa nusu kwa nusu. Mvulana anakula, anakwenda masomo. Lakini maneti hataki kuishika tena. Inapofika kwake anampa mwenzake, halafu anainama kuchora ramani ya juma linalofuata. Anachora vizuri sana, mito na mashimo yote.

Siku ya posho hii watoto watacheza saa nane, na mara hii ni kwa mama jirani, yeye mwenyewe ameomba. Leteni vikalio, na mwenye kamba ndefu ya umeme aje nayo. Likelemba, juma lijalo.