Kabla ya Kujaza Bomba

Ndugu wakulima wa kahawa, masika yakishuka wakati matunda bado mabichi, ugonjwa wa chulebuni hauna subira. Doa dogo jeusi hubonyea kwenye tunda, na baada ya siku chache tunda zima limekaukia kikonyoni. Najua mkono unavyokimbilia bomba. Naomba tuzungumze kidogo kabla hujalijaza.

Ugonjwa huu uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Kwa muda mrefu silaha ilikuwa mrututu, kisha miaka ya 1970 ikaingia benomil, dawa inayopenya ndani ya mmea. Ilifanya kazi kweli, lakini haikudumu. Kufikia 1976 watafiti nchini Kenya walikuwa wamekwisha kuripoti chulebuni isiyouawa na benomil.

Dawa haikuchacha. Benomil hulenga sehemu moja tu ya chembe ya kuvu inayoleta chulebuni. Kuvu chache ambazo sehemu hiyo imebadilika hunusurika, na kila tunaporudia dawa ileile tunaua wenzao na kuwaachia shamba wazaane. Mrututu hupiga sehemu nyingi kwa pamoja, ndiyo maana kuvu imeshindwa kuuzoea kirahisi.

Sasa hapa ndipo tunapopotea, tena kwa nia njema. Umesikia ushauri wa kubadilisha dawa, ukaenda duka la pembejeo, ukanunua kopo la rangi nyingine lenye jina jingine. Lakini benomil ikishapuliziwa hugeuka kuwa kabendazimu. Thaiofaneti-methili nayo hugeuka hivyohivyo. Majina matatu, na kwa kuvu ni dawa moja: iliyoshinda moja imezishinda zote. Kwa hiyo achana na jina kubwa la biashara, tafuta maandishi madogo yanayotaja kilichomo. Usipoyaelewa, muulize afisa ugani kabla pesa haijatoka mfukoni.

Usugu huu hauishii kwenye uzio wako. Matone ya mvua hurusha mbegu za kuvu kutoka tawi hadi tawi, na mikono ya wachumaji huzihamisha toka shamba hadi shamba. Ukiwa makini peke yako na jirani anapulizia kitu kilekile mwaka mzima, nyote mtaumia. Vivyo hivyo kwa matunda makavu yanayoachwa mtini baada ya mavuno: yachumeni yote, pogoeni, hewa ipite kati ya matawi.

Na wenye mibuni ya zamani, fikirieni aina zenye ukinzani. Kenya ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010; Tanzania tuna chotara za Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI) pale Lyamungu. Mti unaojikinga wenyewe hupunguza safari za bomba, na dawa chache tulizobaki nazo zitatufaa kwa muda mrefu zaidi.

Ombi langu ni dogo. Mkutano ujao wa chama cha ushirika, kila mmoja aje na karatasi yenye majina ya dawa alizopulizia msimu uliopita, pamoja na kilichomo ndani yake. Tuzisome pamoja, tupange zamu ya dawa za kijiji kizima, mvua ikiwa bado haijaanza.