Uso uliokatazwa kupigwa

Katika Hadithi sahihi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameamrisha kwamba mtu anapopigana na ndugu yake auepuke uso. Nalo Baraza la Fiqhi la Makka, lilipokutana mwaka 1987, liliamua kuwa mchezo wa ngumi haujuzu, likitaja upofu, madhara ya ubongo na mauti. Pamoja na hayo, ndugu wazazi, ni sisi tunaowanunulia watoto glavu. Hata Zanzibar, ambako ngumi zilipigwa marufuku tangu mwaka 1964, ruhusa imerejeshwa miaka ya karibuni.

Madaktari hawakuanza jana kuonya. Mwaka 1928 Dk. Harrison Martland wa Marekani aliandika habari za mabondia waliopepesuka kama walevi ilhali hawakunywa. Mwaka 2002 Dk. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta protini iitwayo tau imerundikana ndani yake. Maradhi haya huthibitishwa kwa kuupasua ubongo baada ya kifo, na hayana dawa ya kuyaponya.

Lililo zito zaidi ni kwamba si lazima mtu azirai. Vipigo vidogo vidogo, visivyomwangusha mtu, hujumlishana kwa miaka mingi, na kofia ya kujikinga haiuzuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Ndiyo maana hata kandanda haikusalimika: Jeff Astle wa Uingereza, hodari wa kupiga mpira kwa kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59, na uchunguzi wa ubongo wake mwaka 2014 ukathibitisha maradhi haya.

Dalili huja baada ya miaka, nyumbani, mbele ya mke na watoto: kusahau, hasira za ghafla, huzuni, kauli kuwa nzito. Familia ngapi zimesema ni jini, au zimemhesabu mtu kuwa na tabia mbovu, kumbe ni mgonjwa anayestahiki daktari na huruma!

Sisemi vijana wasifanye mazoezi. Kukimbia, kuogelea na kuruka kamba vipo. Lakini aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu asirudishwe uwanjani siku hiyo, hata kocha akisisitiza vipi, na mzazi ana haki ya kuingia uwanjani kumtoa.