Binti wa Jirani na Daftari la Rangi Nne

Jirani yangu hapa Bunju alinijia jioni moja ya mwezi Machi, binti yake akimfuata nyuma na daftari kifuani. Ameniruhusu kusimulia. "Daktari," alisema, "huyu mtoto halali. Saa nane za usiku taa inawaka, miguu imo ndani ya beseni la maji ya baridi. Lakini mtihani wa majaribio wa Kemia amepata E. Nifanyeje?"

Binti yuko kidato cha sita, tahasusi ya PCB, na anataka udaktari. Nchini kwetu hakuna mtihani wa pekee wa kuingilia vyuo vya udaktari. Mlango ni mtihani ule wa Mei unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, katika Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tume ya Vyuo Vikuu hutaka angalau D katika kila somo kati ya hayo matatu, lakini hicho ni kizingiti tu. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na mwenye D tatu mara nyingi huishia kuwatazama wenzake wakiingia.

Nililipokea lile daftari. Lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa kalamu za rangi nne. Nikalifunga, nikamwomba anieleze jinsi figo inavyochuja damu. Alitamka sentensi ya kwanza kwa Kiingereza fasaha, neno kwa neno kama kitabuni, kisha akanyamaza. Nilipomfungulia ukurasa akasema kwa uchungu, "Lakini hiki nakijua!" Naye hakusema uongo. Alikijua kwa macho. Kukitambua kitu kilicho mbele yako ni jambo moja, na kukitoa kichwani mbele ya karatasi tupu ni jambo jingine kabisa. Msomaji anayerudia kurasa zilezile huchukua lile la kwanza akadhani amepata la pili.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili. Wanafunzi walisoma makala fupi. Baadhi wakairudia kuisoma, wengine wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza kidogo: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana mkesha hudanganya: asubuhi yake mtu hujiona amejaa elimu.

Nami nilidanganyika hivyohivyo. Nilinakili madokezo yangu ya Fizikia mara tatu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwandiko ulikuwa mzuri sana. Fizikia haikuwa nzuri.

Wahudumu wa afya wenzangu wanalielewa hili kuliko wanavyodhani. Hakuna anayemwambia mgonjwa ameze dozi ya siku saba usiku mmoja. Mada ya figo aliyojipima leo, binti aijaribu tena baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki, kisha mwezi, kila mara daftari likiwa limefungwa, na alifungue tu ili kusahihisha. Nalo beseni alirudishe jikoni. Ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa usingizini, na anayejinyima usingizi huutupa usiku alioutumia kusoma.

Karatasi za mitihani iliyopita zijibiwe saa ikiwa mezani, si kusomwa pamoja na majibu yake. Baraza la Mitihani pia huchapisha katika tovuti yake, bila malipo, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, zinazoonyesha swali baada ya swali mahali walipokosea na sababu yake. Nashangaa jinsi wazazi wanaolipia tuisheni kila mwezi wasivyozijua. Sina ugomvi na tuisheni, ila kumtazama mwalimu akikokotoa si kukokotoa.

Binti alilalamika kwamba hana muda. Anasoma shule ya kutwa, na Barabara ya Bagamoyo humla saa nyingi kila siku. Ndani ya daladala iliyojaa hakuna pa kufungua daftari. Vizuri! Ajiulize maswali akiwa amesimama.

Kuna jambo lililonigusa zaidi, la lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, na wengi hukariri sentensi zake bila kushika maana. Nilimwambia amweleze mama yake kwa Kiswahili, kisha ndipo aandike kwa Kiingereza. Wadini wetu wamejaa wagonjwa waliotoka kwa daktari aliyewapa jina la ugonjwa wao asiweze kuwaeleza ni kitu gani. Naamini udhaifu huo huanzia mapema, kwenye madaftari kama lile.

Sisemi kwamba mbinu hizi zitaziba pengo la shule isiyo na maabara. Karatasi ya tatu ya Kemia ni ya vitendo, na vitendo havikumbukwi na mikono isiyowahi kushika vifaa. Wala Mei si mwisho wa dunia. Baadhi ya madaktari ninaowaheshimu walipitia stashahada ya utabibu kwanza.

Jumapili iliyofuata niliwakuta barazani. Binti alikuwa akimfafanulia mama yake safari ya damu ndani ya figo, akitumia chujio la nazi. Mama akamkatiza: "Sasa kwa nini bibi yako alipougua figo alivimba miguu?" Binti akanigeukia. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini nikanywa chai yangu. Akainuka akaenda kuchukua kitabu.