Kesi ya Wamaasai isiishie kwenye tanbihi

Na Zuhura Makame

Mwanafunzi wa sheria Tanzania huikariri tarehe 22 Julai 1920 mapema kabisa. Sheria za Kiingereza, kama zilivyokuwa Uingereza siku hiyo, ndizo zilizopokelewa Tanganyika, na mpaka leo tarehe hiyo imo katika sheria ya nchi. Wakenya nao wana yao: 12 Agosti 1897. Mtihani ukipita, tarehe nazo zinasahaulika. Historia ya sheria ikifundishwa hivyo, lawama ni ya mwalimu.

Afadhali wanafunzi wapewe kesi mbili tu za Kenya, wazisome kwa kufuatana.

Ya kwanza ni ya Ol le Njogo na Wamaasai wenzake. Mwaka 1904 viongozi wa Kimaasai waliwekeana mkataba na Waingereza: wapishe Bonde la Ufa, wabakie Laikipia na eneo jingine kusini, na ardhi hiyo iwe yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Miaka 7 haikutimia. Mkataba wa pili, wa 1911, ukawataka waondoke Laikipia, maana walowezi walishaitamani. Wakaswagwa kusini na mifugo yao. Baadhi yao, kiongozi wao Ole Gilisho akiwa mstari wa mbele, wakatafuta mawakili na kwenda mahakamani.

Walishindwa mwaka 1913. Mahakama ilisema Wamaasai si raia wa Mfalme, nchi yao iko chini ya himaya ya Uingereza tu, kwa hiyo mikataba ile ni ya dola na dola na mahakama haiwezi kuigusa. Watu waliokuwa wakiamrishwa na maofisa wa wilaya kila kukicha, siku ya kudai haki wakageuka taifa la kigeni!

Mwaka 1920 himaya ikafanywa koloni. Ikaja kesi ya Isaka Wainaina, ugomvi wa ardhi ya Wakikuyu, na mwaka 1922 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba ardhi ni ya Mfalme, na Mwafrika aliye juu yake ni mpangaji anayekaa kwa hisani tu. Kila hukumu ikisomwa peke yake ina mantiki yake. Zikiwekwa pamoja, serikali ileile inaonekana ikishinda kwanza kwa sababu Mwafrika ni mgeni, kisha kwa sababu yuko chini ya Mfalme.

Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa Oktoba 1961 ndani ya jengo la chama cha TANU, kiliwahi kuwa na walimu walioliona hilo. Patrick McAuslan alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, Yash Ghai akafuata. Kitabu chao cha 1970 kuhusu sheria za umma Kenya kilianzia ukoloni kwa makusudi. Miaka 30 baadaye Ghai akaongoza tume ya kupitia katiba ya Kenya. Katiba ya 2010, ibara ya 67, inaitaka Tume ya Taifa ya Ardhi ichunguze dhuluma za kihistoria za ardhi. Mwanasheria asiyeijua hukumu ya 1913 ataanzia wapi?

Kwa watafiti, kazi imelala kwenye majalada. Mahakama za wenyeji Tanganyika ziliandika mengi kwa Kiswahili, na Nyaraka za Taifa Zanzibar zimehifadhi kumbukumbu za makadhi. Anayesoma hati za Kiarabu za makadhi hao yuko mbele ya profesa wa ng'ambo anayemtegemea mfasiri. Vyuo vianzie hapo: mwaka wa tatu, kila mwanafunzi apewe jalada moja, na alama zitoke humo.