Mhuri wa Mtungi Usomwe Kama Tarehe ya Dawa

Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, huishi kwa bahari: mwani, uvuvi na wageni wanaozamia kutazama matumbawe. Upepo wa huko hubeba chumvi, na chumvi haichagui chuma. Huula mtungi wa mzamiaji, mtungi wa oksijeni wa mgonjwa na chombo cha mvuke kinachotakasia vifaa vya kituo cha afya. Vyote vitatu ni vyombo vya shinikizo, na vyote huzeeka.

Mtungi wa kuzamia wa lita 12, ukijazwa hadi baa 200, hubeba takriban lita 2,400 za hewa. Ukipasuka, nguvu hiyo hutoka kwa mara moja. Ndiyo maana hupimwa kwa maji: maji hayashindiliki kwa urahisi, hivyo mtungi dhaifu hushindwa bila kurusha vipande. Kwa kanuni za Marekani, kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5 kwa mitungi mingi, na mtungi ambao zaidi ya asilimia 10 ya kutanuka kwake haikurejea hukataliwa. Mwezi na mwaka wa kipimo hupigwa mhuri begani mwa mtungi.

Wapo wanaosema kuwa gharama ni kubwa na mtungi bado ni mzima. Hoja ya gharama ni ya kweli. Ya uzima haina msingi, kwani kutu ya ndani haionekani kwa nje. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mtungi wa gesi, hata hivyo, hauzibwi. Mtungi huondolewa kazini.

Chombo cha mvuke kina njia nyingine. Ukuta wake ukipungua unene, mhandisi anaweza kukishushia kiwango cha shinikizo badala ya kukitupa. Uamuzi huo unaonekana wa kiufundi tu, lakini ni wa kitabibu pia. Mvuke wa nyuzi joto 134 huhitaji takriban baa 2 juu ya shinikizo la hewa ya kawaida. Wa nyuzi 121 huhitaji takriban baa 1. Chombo kilichoshushwa hadi baa 1.2 hakiwezi tena kutakasa kwa dakika 3 za nyuzi 134. Kinahitaji angalau dakika 15 za nyuzi 121. Muuguzi asipoambiwa, ataendelea na muda wa zamani, na vifaa vitatoka vya moto lakini si salama.

Zanzibar imekuwa na sheria yake ya usalama na afya kazini tangu 2005. Sheria hulinda pale inapofika mikononi mwa mtumiaji. Kwa hiyo mafunzo ya wauguzi yajumuishe kusoma mhuri wa mtungi, na kila chombo kilichoshushiwa kiwango kibandikwe joto na muda wake mpya mlangoni. Hakuna muuguzi anayetoa dawa bila kutazama tarehe yake ya mwisho. Mtungi wa oksijeni haustahili uangalizi mdogo zaidi.