HIYO SI DAWA, NI SUMU

Ndugu wafanya kazi wa Migori na Homa Bay,

Matajiri wenye matangi ya mchanga wa dhahabu huiita "dawa". Tangu lini dawa ikamwua anayeitia tangini? Jina lake ni sodiamu sayanidi, nasi twataka iitwe hivyo, maana kwa neno hilo "dawa" kijana wa Nyatike hutumwa kufungua pipa kwa mikono mitupu.

Kazi yenyewe mnaijua. Mawe yakisagwa na kuoshwa kwa zebaki, dhahabu nyingi hubaki mchangani. Tajiri huununua mchanga huo kwa bei rahisi, huuloweka kwa sayanidi, akapata iliyobaki. Faida ni ya mwenye tangi. Hatari ni ya mwenye koleo.

Ni kitu cheupe kama chumvi, vipande au unga, na ile ya migodi huwa safi kadiri ya asilimia 98. Kiasi cha punje chache za mchele kikimezwa chatosha kuua. Ikigusana na asidi, hata maji ya betri, hutoa hewa inayouzuia mwili kutumia oksijeni. Ndiyo sababu tangi hutiwa chokaa, pH isishuke chini ya 10. Wengine husikia harufu ya lozi chungu. Wengine kwa maumbile hawaisikii kabisa. Msingoje harufu! Tena sayanidi huyeyusha zebaki iliyomo mchangani, na maji hayo yakivuja mpaka mto Kuja huishia ziwani. Wavuvi wa Homa Bay nao ni wafanya kazi.

Matajiri wajibu: "Watu wetu ni wazembe." Mtu asiyeambiwa anashika nini, uzembe wake ni upi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kemikali iwe na lebo na karatasi ya maelezo. Sumu iliyopunguliwa katika gunia la sukari ina lebo gani?

Twadai jina liandikwe kwa Kiswahili na Kidholuo, glavu zisizotoboka, maji safi ya kunawa karibu na tangi, na mtu asiachwe huko peke yake. Akianguka, asipuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo, maana sumu humpata na mwokozi.

Pipa lisilo na jina lisifunguliwe. Sheria hiyo hiyo yakataza kumfukuza mfanya kazi aliyeondoka mahali penye hatari kubwa ya maisha kwa sababu ya haki. Atakayefukuzwa aje kwa katibu wa tawi siku ile ile.