Mche Mchanga Hautaki Udongo Mkali

Ndugu wakulima wa Lugari, Chekalini, Mautuma, Likuyani na Sango, nataka kusema nanyi juu ya udongo wa kitalu, kwa maana naona mbegu inasingiziwa mno.

Kazi yangu ni ya karani. Bwana Shamba huenda mashambani, mimi hubaki mezani na kuandika malalamiko ya watu. Wakati wa kupanda, lalamiko moja huja mara nyingi: mbegu ya nyanya ilikuwa mbovu, iliota vizuri halafu miche ikaungua. Hebu lifikirini neno hilo. Mbegu mbovu haioti. Mche ulioota vizuri, ukasimama siku chache, kisha ukaungua kwenye ncha za majani, mara nyingi umeharibiwa na udongo, na udongo huo mwenye kitalu aliuchanganya kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa nia njema.

Nia njema hiyo naijua ilikotoka. Wananchi walipogawiwa mashamba haya miaka ya 1960, nchi hii ilikuwa ya mahindi, na ni ya mahindi hata leo. Mkulima wa mahindi amezoea kutia DAP katika shimo anapopanda. Sasa mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, ekari zimepungua, na wengi wameanza nyanya, kabeji, sukuma wiki na pilipili hoho, mazao ambayo huanzia kitaluni. Desturi ya shimo la mahindi imewafuata huko. Tena serikali ilipoanza kuuza mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500 gunia la kilo 50 mwaka 2022, kisha shilingi 2,500 mwaka 2023, mkono wa kumwaga mbolea ulizidi kuwa mwepesi. Lakini hata katika mahindi twafundishwa tuichanganye DAP na udongo kwanza ili mbegu isiiguse. Sembuse mbegu ya nyanya, ambayo ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti!

Sababu yenyewe si ngumu. Mbolea ya dukani ni namna ya chumvi. Mama anayetia chumvi kwenye mboga mbichi huona maji yakitoka. Mzizi wa mche wa wiki moja ni mwembamba kama uzi. Ukizungukwa na chumvi nyingi, hauwezi kunywa, na hata maji yaliyomo ndani huvutwa nje. Ndiyo sababu mche hunyauka huku udongo umelowa, kisha ncha na kingo za majani huwa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. DAP ina naitrojeni asilimia 18, na sehemu yake hugeuka amonia karibu na mbegu, nayo hudhuru mizizi. Yurea ni kali zaidi, kwa maana ina asilimia 46. Mwenye kitalu akiona miche imedhoofika hudhani ina njaa, naye huongeza mbolea. Hapo amemaliza kitalu.

Wala mche huo haukuwa na njaa. Pasueni punje ya haragwe mtazame: zile pande mbili nene ni akiba ya chakula. Kila mbegu ina akiba yake, ndogo au kubwa, ya kuufikisha mche mpaka majani yake ya kweli yatokee. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mtoto wa darasa la kwanza hapewi hesabu za darasa la saba hata akiwa na akili namna gani. Mche ni hivyo hivyo.

Basi udongo gani wafaa? Mimi napenda mchanganyiko wa karai tatu za udongo wa juu, karai mbili za mchanga wa mtoni uliooshwa, na karai moja ya samadi iliyooza kabisa, vyote vikapitishwa katika chekeche ya waya. DAP haimo. Udongo wa juu utoke chini ya miti ya ua au mahali palipopumzika majani, usitoke palipolimwa nyanya, viazi, pilipili au biringanya, kwa ajili ya ugonjwa wa mnyauko. Udongo wa kichuguu ukikauka huwa mgumu, na mzizi mdogo haupenyi. Msiende kuuchota katika Msitu wa Kakamega. Ule ni msitu wa hifadhi tangu 1933, na kuchukua kitu humo bila idhini ya Huduma ya Misitu ni kosa.

Juu ya samadi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi huanguka. Samadi mbichi ya kuku ni hatari kubwa kitaluni. Ile harufu inayochoma macho ukifungua banda asubuhi ndiyo amonia yenyewe. Samadi iliyo tayari ni nyeusi, inamomonyoka mkononi, haina joto ukiingiza mkono katikati ya lundo, nayo hunuka udongo tu. Wako watakaosema kwamba baba zao walitia samadi kitaluni na kabeji zikastawi. Ni kweli, lakini samadi ile ilitoka katika boma la zamani, ikanyeshewa muda mrefu na ukali wake ukaoshwa.

Siku hizi maduka huuza udongo wa mifuko, na mwingine ni wa makumbi ya nazi yaliyosagwa. Siukatai. Someni maandishi ya mfuko kabla ya kulipa. Ikiwa umetiwa mbolea tayari, msiongeze yenu. Na ikiwa ni wa mimea mikubwa, msiupandie mbegu. Makumbi ya nazi ambayo hayakuoshwa huweza kuwa na chumvi. Kwa mwenye robo ekari, shauri langu ni kuziweka fedha hizo kwenye mbegu nzuri.

Kama mnashuku udongo wenu, chukueni makopo mawili yenye matundu chini. Moja litieni mchanganyiko wenu, la pili udongo mtupu wa shamba. Pandeni maharagwe kumi katika kila kopo, myamwagilie sawasawa, mngoje wiki mbili. Maharagwe ya kopo la mchanganyiko yakiota machache au yakiungua kingo, udongo huo ni mkali. Ongezeni udongo na mchanga, mjaribu tena. Haragwe kumi ni hasara ndogo kuliko pakiti ya mbegu ya nyanya.

Miche iliyokwisha kuungua yaweza kuponywa ikiwa mizizi haijawa kahawia. Mwagieni maji mengi safi mpaka yatoke chini, yakaishe kidogo, mrudie tena, ili chumvi ioshwe. Lakini tazameni kwanza: kama shina limekuwa jembamba na kuoza usawa wa udongo na mche umelala, huo ni kinyausi, na maji mengi yatauzidisha. Mche ukisha kuwa na majani mawili ya kweli, ndipo uonjeshwe mbolea ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, asubuhi, udongo ukiwa na unyevu.